Uzito wa mtoto na mama anayelaumiwa kila siku

Mhariri,

Ile makala yenu ya watoto wanaozaliwa wadogo nimeisoma mara mbili na zote mbili nimebaki na hasira. Eti mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 basi mama hakula vizuri, na huyo mtoto akija kupata presha au kisukari ukubwani kosa ni lile lile la mama. Baba je? Hajatajwa popote, utadhani mtoto aliokotwa.

Najua mmeitoa wapi. David Barker, daktari wa Uingereza, alifukua rekodi za zamani za wakunga wa Hertfordshire akaona waliozaliwa wadogo ndo waliokuja kufa zaidi kwa magonjwa ya moyo. Hilo sibishi, limeonekana tena na tena. Ninachobishia ni hiyo "kwa sababu" yenu.

Kuna kina Andrew Hattersley, watafiti wa kisukari wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 90, wao walianzia kwenye insulini, ile homoni inayoshusha sukari mwilini, maana mtoto akiwa tumboni insulini yake mwenyewe ndo inamkuza, sasa kama karithi jeni inayofanya itoke kidogo atazaliwa mdogo, na jeni hiyo hiyo anazeeka nayo mpaka sukari inapanda. Udogo na kisukari hapo ni ndugu wa baba mmoja, hakuna aliyemzaa mwenzake. Chukua jeni ya glukokinesi, inayousaidia mwili kupima sukari ili insulini itoke: mtoto akirithi ile yenye hitilafu anapungua kama nusu kilo hivi, lakini ikiwa ni mama anayo na mtoto hana, sukari ya mama inavuka kwenye kondo, mtoto anatoa insulini nyingi na anazaliwa bonge. Wakiwa nayo wote wawili? Uzito wa kawaida tu, zimefutana! Mimi hapo nilicheka peke yangu.

Halafu 2019 ukatoka utafiti mkubwa, watu zaidi ya laki 3 na uzito wao wa kuzaliwa, wakapata sehemu 190 kwenye vinasaba zinazogusa uzito huo na wakatenganisha jeni za mama na za mtoto. Kwenye presha ikaonekana jeni za mama zinazopandisha presha zinampunguza mtoto uzito, na jeni hizo hizo mtoto anazirithi, kwa hiyo presha yake ya baadaye inatoka kwenye urithi, siyo kwamba alidumaa tumboni.

Sisemi chakula si kitu, sigara inapunguza uzito, malaria vilevile, na njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 iliacha alama kwa waliokuwa tumboni. Lakini makala nzima mstari mmoja wa vinasaba mmekosa?

Mimi nilizaliwa kilo 2.2 na sasa nameza dawa za presha. Mama mpaka leo anaulizwa alikuwa anakula nini. Baba ana presha, babu alikuwa nayo, na hao hakuna anayewauliza kitu.

Msomaji wenu