Paipu ya nitrasi si ya haidroliki

Mpendwa Sefu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani.

Umeuliza kama ile paipu ya haidroliki uliyonayo, iliyoandikwa psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha), inaweza kufungwa kutoka kwenye mtungi wa nitrasi, gesi ya kuongeza nguvu ya injini ya gari, hadi kwenye solenoidi, yaani vali inayofunguliwa kwa umeme. Haifai, na nakusihi usiifunge hata kwa majaribio. Presha itaihimili, ubaya wake uko ndani.

Paipu ya haidroliki ina tabaka la ndani la mpira. Nitrasi oksaidi hupenya kwenye mpira na kuuvimbisha, na presha ikishuka ghafla, gesi iliyojipenyeza hutanuka na kuuchubua vipande vipande. Vipande hivyo huziba kichujio, au hukwama kwenye solenoidi ikashindwa kufunga, gesi ikavuja kuingia kwenye injini iliyozimwa. Ukija kuiwasha, manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) inaweza kupasuka. Tena, paipu iliyowahi kubeba oili haisafishiki kiasi cha kuaminika. Nitrasi huchochea moto. Oili au grisi ikibaki ndani na vali ikafunguliwa kwa kishindo, hewa inayobanwa mbele ya gesi hupata joto la kuweza kuiwasha. Ndiyo maana vali ya mtungi hufunguliwa polepole, hata kwa paipu safi.

Tafuta paipu yenye tabaka la ndani la tefloni (PTFE) na msuko wa waya wa chuma cha pua kwa nje. Usidanganywe na msuko peke yake, kwa sababu paipu nyingi za mafuta na za rejeta zinasukwa vivyo hivyo na ndani ni mpira. Tazama ncha iliyokatwa: tefloni ni ngumu, nyembamba na laini ya kuteleza, nyeupe au nyeusi; mpira ni mnene na unabonyea kwa ukucha.

Mtungi ulio kwenye nyuzijoto 21 una presha ya psi 760 hivi, na mifumo mingi hutegemea psi 900 hadi 1,000. Lakini gari likianikwa juani presha hupanda, na nitrasi ikivuka nyuzijoto 36.4 haibaki tena kimiminika, presha ikazidi kupaa. Kwa hiyo nunua paipu yenye presha ya kazi isiyopungua psi 2,500, na presha ya kupasuka mara nne ya hiyo. Soma tarakimu ya saizi unayonunua hasa: kadiri paipu inavyonenepa, ndivyo presha inayoihimili inavyopungua.

Kuhusu saizi, AN (mfumo wa namba za saizi za paipu na fitingi) namba 4, yenye tundu la karibu milimita 4.8, inatosha kwa nyongeza ya hadi nguvu farasi 250 hivi. Juu ya hapo ndipo namba 6 inapohitajika. Usiende namba 6 kwa tamaa. Paipu ya mita 5 ya namba 4 hubeba mililita 90 hivi. Ya namba 6, yenye tundu la milimita 8, hubeba kama 250. Kimiminika hicho chote kinapata joto njiani na kugeuka gesi, na kila unapopumulisha paipu, yaani kutoa gesi iliyomo, unakimwaga. Kutoka solenoidi hadi kwenye nozeli (mdomo wa kunyunyizia nitrasi), namba 3 inatosha. Upande wa petroli usibane: petroli ikipungua wakati nitrasi imejaa, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inatoboka.

Fitingi ziwe za AN, zenye mwinamo wa digrii 37. Zile za digrii 45 zinaweza kuingiana kwa uzi, lakini hazikai sawasawa na zitavuja. Fitingi za tefloni zina pete yake ndogo ya kubana. Za paipu ya mpira haziingiliani nazo. Nakushauri ununue paipu iliyokwisha kubanwa kiwandani. Kwenye mwinamo wa AN usiweke tepu wala gundi: tepu hukatika nyuzinyuzi na kuziba solenoidi. Kaza kwa spana mbili, moja ikishikilia.

Ipitishe mbali na ekzosi na nguzo ya betri. Funga vibano kila sentimita 40 hivi, na kila tundu la bati liwekewe pete ya mpira, maana msuko ule hukata waya za umeme kama msumeno. Mpindo wa namba 4 usipungue nusu kipenyo cha milimita 50. Tefloni ikishavunjika kiuno haitengenezeki, itupe.

Kabla ya kuunga solenoidi, fanya hivi nje penye hewa: ncha iliyo huru ifungwe kitambaa, ielekezwe mbali na watu, kisha fungua mtungi kidogo tu ili uchafu utoke. Vaa glavu na miwani, kwani nitrasi ikitoka ina baridi ya nyuzi 88 chini ya sifuri na huunguza ngozi. Kisha unga, fungua, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Na ukishafunga mtungi, usiiache paipu imejaa: kimiminika kilichonaswa kati ya vali na solenoidi kikipata joto hakina pa kutanukia. Imwage kwanza.

Pima njia yote kwa kamba, kwa mipindo yake, kabla ya kununua. Niandikie urefu huo na nguvu farasi unazokusudia kuongeza, nami nitakuorodheshea fitingi moja moja.

Wako,
Idi