Barua ya wazi kwa wifi yangu: usiirudishe ile mashine kwenye boksi

Wifi yangu,

Uliponiambia kwenye simu kwamba mashine ya macho, ile ya kuandika na kuzungumza kwa kutazama skrini, imemshinda kaka na kwamba utairudisha kwenye boksi, sikukujibu sawasawa kwa sababu watoto walikuwa wanasikiliza. Nakujibu leo, tena hadharani, maana najua hauko peke yako. Wako wengi wanaouguza mtu mwenye ugonjwa wa ALS huku kifaa kama hicho kinakula vumbi chini ya kitanda.

Macho yake hayajashindwa. ALS huua neva zinazoamrisha misuli, ndiyo maana mikono imekwenda, kisha ulimi. Lakini misuli inayozungusha macho kwa kawaida hukaa salama muda mrefu kuliko mingine, na kwa wengi haiguswi hadi hatua za mwisho kabisa. Mashine imejengwa juu ya bahati hiyo ndogo. Chini ya skrini kuna vitaa vinavyotoa miale ya infraredi, ambayo sisi hatuioni, na kamera inayoangalia mboni pamoja na mng'ao wa vile vitaa juu ya jicho. Kutokana na nafasi kati ya hivyo viwili, kompyuta inakisia anatazama wapi. Inakisia tu, wifi. Ikikosea, anza kuchunguza mkao kabla hujamlaumu mgonjwa.

Na mkao ndio ulionitisha kwenye ile picha uliyonitumia. Skrini imesimama wima mezani, mwenyewe ameegemezwa nyuma anatazama dari. Hapo hata mimi nisingeweza kuandika jina langu. Skrini ndiyo imfuate yeye: akiegemea, nayo iinamishwe, ielekeane na uso wake, kiasi cha sentimita 60 kutoka machoni. Asilazimike kuinua shingo ambayo haina tena nguvu. Pazia lifungwe jua linapoingia, kwa kuwa mwanga wa jua una infraredi tele na kamera inapotea humo. Miwani ikimeta, isogeze kidogo. Na kila mnapomgeuza au kumkalisha upya, ile hatua ya kufuata vidoti kwa macho, ambayo mashine huitumia kujipanga upya na macho yake, irudiwe. Haichukui muda, na kuirudia si dalili kwamba kitu kimeharibika.

Halafu ule muda wa kukazia, yaani muda anaopaswa kukitazama kitufe ndipo kibonyezwe. Kwa kuwa anabonyeza kwa kutazama, ukiuweka mfupi mno kila anachokitupia jicho kinabonyezwa, anaandika upuuzi, anakasirika. Ukiwa mrefu mno, macho yanachoka kabla neno halijaisha. Anza na sekunde moja hivi, kisha mpunguzie kadiri anavyozoea. Pawe pia na kitufe cha kusitisha, ili apate kuitazama skrini kama watu wengine, bila kuogopa kugusa kitu. Na mtu akikodoa macho husahau kupepesa, yakakauka na kuuma. Muulize daktari kuhusu matone.

Kibodi nzima siku ya kwanza ni adhabu. Mwekee vitufe vichache vikubwa, tena visiwe vya maji na choo peke yake. Mpe muziki, mpe matokeo ya mpira. Aone kwanza kwamba kuna kitu duniani bado kinamtii.

Kiswahili kitakusumbua kidogo. Kama programu inatabiri maneno kwa Kiingereza, zima huo utabiri, utamharibia tu. Sentensi anazozitumia sana zihifadhiwe nzima, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na yale matusi yake ya utani unayoyajua. Sauti ikisoma kwa lafudhi ya kizungu, tazama mipangilio. Sauti za Kiswahili zipo, ingawa si kila programu inazo. Na usifute zile jumbe za sauti alizokutumia kwenye simu kabla ulimi haujawa mzito. Siku hizi sauti ya kompyuta inaweza kutengenezwa kwa mfano wa sauti ya mtu kutokana na rekodi za zamani, hata zikiwa si ndefu.

Najua watu wanakuletea habari za Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa na ALS. Waache waseme, ila ujue yeye miaka yake ya mwisho alikuwa akiandika kwa kutikisa msuli wa shavu, si kwa macho, na kuishi kwake tangu alipogunduliwa mwaka 1963 hadi 2018 ni jambo la nadra mno. Mfano ulio karibu na kaka ni Steve Gleason, aliyekuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani na akagunduliwa na ALS mwaka 2011. Anazungumza kwa macho. Changamoto aliyowapa wahandisi wa Microsoft ilichangia Windows 10 kuwekewa uwezo wa kuongozwa kwa macho mwaka 2017. Ipo pia programu ya bure iitwayo OptiKey, ukitaka kujaribu nyingine kwa kamera hiyohiyo.

Lakini wifi, hayo yote ni ya ufundi, na fundi hupatikana. Linalonitia wasiwasi ni sisi tunaomzunguka.

Mtu mwenye sauti hutamka maneno zaidi ya 100 kwa dakika bila kufikiri. Kwa macho, hata mzoefu akifika 20 amekwenda mbio. Kwa hiyo kaka anapoanza sentensi, nyumba nzima inaanza kuimalizia. Mmoja anachungulia skrini begani na kusoma kwa sauti, mwingine anakisia, wa tatu amekwisha kuleta mto ambao hakuombwa. Kisha tunasema mashine ni ya polepole! Mwacheni amalize, hata kama mmeshajua. Asiyemaliza sentensi zake hatimaye huacha kuzianza.

Tena tumezoea maswali ya ndiyo na hapana kwa sababu ni ya haraka. Una njaa? Tukugeuze? Yanafaa usiku, na yanafaa chaji ikiisha, kwa hiyo ishara yake ya kutazama juu kwa ndiyo isipotee, na ule ubao wa plastiki angavu wenye herufi, anaozichagua kwa kuzitazama, uwe karibu. Ila mtu wa kujibu ndiyo na hapana hawezi kuanzisha mazungumzo. Hawezi kulalamika, kutania, wala kuuliza kodi ya nyumba imelipwa. Unakumbuka sentensi yake ya kwanza kamili ilikuwa nini? "Zimeni hiyo redio." Wewe ulivunjika moyo, ulitarajia neno la mapenzi. Mimi nilifurahi, kwa sababu huyo ndiye kaka yangu ninayemjua.

Anapoandika hawezi kukutazama, macho yana kazi moja kwa wakati. Usidhani amekununia. Mwekee na kitufe cha kukuita kwa sauti kubwa, na anachokiandika kwa ajili ya mtu fulani kisisomwe na mwingine, hata wewe.

Wengi wenye ALS huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze. Unalijua hilo, sikukumbushi ili kukuumiza. Nalitaja kwa sababu kujifunza kuandika kwa macho kunahitaji majuma ya mazoezi mafupimafupi, asubuhi kabla hajachoka, na majuma hayo ni afadhali yaanze sasa.

Nitakuja Jumamosi tufunge ule mkono wa kushikilia skrini kwenye kiti chake cha magurudumu. Mpaka hapo boksi libaki tupu. Baada ya hapo, kama mwenyewe haitaki, aniandikie hivyo, nami nitaifunga na kuirudisha kwa mikono yangu.

Wifi yako, mkorofi kama kawaida.