Barua ya malalamiko: Namba yetu ya bure mmeiandika kwa jina lenu

Ofisi ya Ukalimani wa Kiswahili kwa Simu,
Louisville, Kentucky.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUZUIWA KUHAMISHA NAMBA YETU YA BURE YA "TAFSIRI", NA NAMBA YAKE YA PILI KUPEWA MTU MWINGINE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita tuliwaandikia kuomba namba yetu ya bure, ambayo anayepiga halipi kitu, ihamishiwe kampuni nyingine ya simu. Barua ya idhini niliisaini mwenyewe, na jina la ofisi niliandika kama linavyosomeka kwenye kila ankara mliyowahi kututumia. Ombi likarudishwa na maneno mafupi: jina la mteja halilingani. Tulipopiga simu kuuliza halilingani na jina lipi, ofisa wenu alitueleza kwamba kwenye hifadhidata ya namba za bure mteja aliyeandikwa ni kampuni yenu, na kwamba tukitaka kuondoka na namba hiyo tulipe dola 4,800 kwa sababu ni "namba ya neno", yaani tarakimu zake zikisomwa kwa herufi za batani za simu zinatoa neno TAFSIRI. Bei hiyo aliituma pia kwa barua pepe, nami nimeiambatisha hapa.

Hatutalipa. Hatudaiwi kitu, ankara zetu zote zimelipwa, na namba hiyo hamkuwa na haki ya kuitia bei.

Naomba kwanza mkumbuke namba hiyo ilipatikanaje. Wateja wetu wengi ni Wakongo waliofika Marekani kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, pamoja na Warundi, Watanzania na Wakenya waliotawanyika Kentucky, Ohio, Texas na Iowa. Wengi wao huhama mji kufuata kazi za viwandani na za machinjio. Akihama anabadilisha simu, na namba alizohifadhi kwenye simu ya zamani zinapotea nayo. Ndiyo maana tulitaka namba inayokaa kichwani. Tulikaa na karatasi tukihesabu herufi za maneno, kwa kuwa baada ya msimbo wa namba ya bure, zile tarakimu tatu za mwanzo kama 800, zinabaki tarakimu saba tu. KARIBU lina herufi sita. MKALIMANI lina tisa. SWAHILI lina saba, lakini halimwambii mtu tunafanya kazi gani. TAFSIRI lina saba kamili, na ndilo neno analolitamka mzazi akifika mapokezi ya hospitali: "Nataka mtu wa tafsiri."

Hatukuishia hapo. Namba nzuri za 800 zilikwisha zamani, na ndiyo sababu misimbo mingine ilifunguliwa: 888 mwaka 1996, 877 mwaka 1998, 866 mwaka 2000, na kuendelea hadi 833 mwaka 2017. Watu wengi huziita zote "namba za 800" na huchanganya misimbo, kwa hiyo kabla ya kuchagua wa kwetu tulizipiga tarakimu zilezile kwenye misimbo mingine ili tujue kama kuna ofisi ya ukalimani inayopokea huko. Kisha tukawaita wazee walibonyeze neno mbele yetu: 8-2-3-7-4-7-4. Wale waliozoea kuandika meseji kwenye simu za batani walibonyeza 7 mara nne ili wapate S, halafu mara tatu ili wapate R, na simu haikwenda popote. Tatizo hilo tulilimaliza kwa kuchapisha tarakimu chini ya kila herufi, kwenye kadi na kwenye stika tulizobandika katika maduka ya vyakula vya Kiafrika, pale watu wanaponunua dagaa na unga wa muhogo. Yote haya tuliyafanya kwa fedha zetu na kwa miguu yetu. Kampuni yenu kazi yake ilikuwa kuingia kwenye mfumo na kutuchukulia namba.

Lipo kosa moja ambalo uchapishaji haukuliondoa. Neno letu lina I mbili, na I kubwa ikichapishwa inafanana na 1. Mtu anabonyeza 8-2-3-7-1-7-1. Tulimweleza hili ofisa aliyetuuzia huduma, akatushauri vizuri kabisa: chukueni na hiyo ya pili, zote mbili zilie ofisini kwenu. Tulikubali papo hapo. Tangu Aprili 2023 ankara zenu zina mstari unaosomeka "namba ya pili, ulinzi wa makosa", dola 15 kila mwezi. Mwanzoni namba hiyo ililia kwetu kama tulivyokubaliana. Mwaka jana mkaihamishia kwa mteja wenu mwingine, naye anafanya ukalimani wa Kiswahili kama sisi. Hamkutuambia, na zile dola 15 mmeendelea kutudai hadi leo.

Habari hizi tulizipata kwa mama mmoja wa Uvira, Kongo, ambaye tumemhudumia tangu alipofika mjini hapa. Mwanawe mdogo alikuwa na miadi kwa daktari wa moyo. Mama alipiga simu kutoka nyumbani ili apangiwe mkalimani, akasikia anakaribishwa kwa Kiswahili, akajua amefika kwetu. Kabla hajasema shida yake akaombwa namba ya kadi ya benki. Sisi hatujawahi kumwomba mgonjwa hata senti moja, kwa sababu hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na hizo hospitali ndizo tunazozilipisha. Mama hakuwa na kadi ya benki. Alikata simu, akaenda kliniki na binti yake wa miaka kumi na mmoja ili awe ndiye anayefasiri maneno ya daktari, jambo ambalo kanuni za afya za nchi hii zinalikataza isipokuwa kwa dharura. Mtoto huyo ndiye aliyemwambia mama yake kuhusu upasuaji wa ndugu yake. Mama alipokuja ofisini kutuuliza kwa nini tumeanza kutoza watu, alitoa kadi yetu kwenye pochi ikiwa imekunjika katikati, tarakimu za chini zimefutika, akatuonyesha kwa kidole alivyobonyeza: nane, mbili, tatu, saba, moja, saba, moja.

Nataka mlijue hilo ninyi mnaoshughulikia namba hizi mkiwa mezani. Namba ya pili ilikuwa kwa ajili ya watu kama mama huyu.

Tulipolalamika, mtu wa kitengo chenu cha malalamiko alijibu kwamba namba ya makosa haiwezi kuwa alama ya biashara ya mtu yeyote, akatutajia kesi ya hoteli za Holiday Inn. Kesi hiyo tunaijua. Holiday Inn walikuwa wakitangaza 1-800-HOLIDAY. Kampuni nyingine ikaichukua namba ambayo O imegeuka kuwa sifuri, ambayo Holiday Inn hawakuwa wameichukua mapema, ikawa inapokea wote waliokosea. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, ambayo maamuzi yake yanatuhusu sisi wa Kentucky, ilisema kampuni hiyo haikuvunja sheria ya alama za biashara, kwa kuwa haikulitangaza neno lenyewe wala haikuuanzisha mkanganyiko, iliukuta. Sisi tuliuchukua uamuzi huo kuwa onyo. Kama mahakama haiwezi kukurudishia namba ya makosa ikishachukuliwa, basi iwahi wewe kwanza. Tuliiwahi, na tulikuwa tukiilipia. Kesi ya Holiday Inn huenda ikamkinga huyo mteja wenu mwingine. Ninyi haiwasaidii, kwa sababu kampuni iliyoshtakiwa kule haikuwa imepokea fedha za Holiday Inn kila mwezi ili iwatunzie.

Nirudi kwenye namba yenyewe ya TAFSIRI, maana bila hiyo ofisi hii haipo.

Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, inazihesabu namba za bure kuwa rasilimali ya umma. Si mali yetu na si mali yenu. Lakini haki ya kuitumia ina mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni za FCC, mteja wa namba ya bure ni yule aliyeiomba kampuni yenye dhamana, hizi zinazoitwa RespOrg, imwekee namba kutoka kwenye hifadhidata, ambayo leo inasimamiwa na kampuni ya Somos. Ninyi ni RespOrg. Aliyeomba ni sisi. Barua pepe yetu ya Machi 2023 inasema waziwazi "tunaomba mtuchukulie namba yenye neno TAFSIRI", na jibu lenu linasema "tayari, ni yenu". Fundi cherehani haligeuzi gauni la mteja kuwa lake kwa sababu limeshonwa kibandani kwake. Kwa hiyo tunauliza, na tunataka jibu la maandishi: jina la kampuni yenu liliingia lini mahali pa jina la mteja, na nani aliidhinisha?

Mkishikilia kwamba mteja ni ninyi, mnajiweka pabaya zaidi. Kanuni hizohizo, kifungu cha 52.105, zinakataza RespOrg kujiwekea namba bila mteja halisi. Kifungu cha 52.107 kinakataza kuhodhi namba, na kinahesabu kuuza namba ya bure kwa fedha kuwa ni sehemu ya kuhodhi. Barua pepe yenye dola 4,800 ni bei ya kuuzia namba, tena imeandikwa na ofisa wenu kwa mkono wake. Haki ya mteja kuhama na namba yake ya bure kutoka kampuni moja kwenda nyingine ipo tangu 1993. Haina bei ya ziada kwa namba zinazosomeka kama neno.

Ofisa huyo alijitetea kwamba hata FCC yenyewe imewahi kupiga mnada namba za bure. Kweli, ulikuwapo mnada Desemba 2019. Ulihusu namba za msimbo wa 833, zaidi ya 17,000, zile ambazo zilikuwa zimeombwa na zaidi ya kampuni moja kwa wakati mmoja, na namba zilizopatikana kwa mnada huo ndizo zilizoruhusiwa kuuzwa tena. Namba yetu si ya 833 na haijawahi kukanyaga mnada wowote. Tuliipata kwa utaratibu wa kawaida wa anayewahi ndiye anayepewa.

Jambo lililotusukuma kuandika leo badala ya kusubiri ni sentensi ya mwisho ya barua pepe yenu, isemayo kwamba tusipokubaliana "huduma inaweza kusitishwa". Ninyi mnajua maana yake. Namba ya bure ikikatwa inakaa kwenye hali ya kukatwa kwa muda usiozidi miezi 4, kisha inarudi kwenye zile zilizo wazi, na yeyote aliye mwepesi anaichukua. Wapo wanaovizia namba za maneno siku zinapoachiliwa. Kadi zetu ziko kwenye pochi za watu Dallas na Des Moines, na hatuna njia ya kwenda kuzikusanya. Mkiikata namba hii, mtu mwingine atapokea simu za wagonjwa wetu kwa miaka.

Tunachotaka ni hiki. Namba ya TAFSIRI iendelee kufanya kazi bila kuguswa hadi itakapokuwa imehamia kampuni tuliyoichagua. Jina la mteja lirekebishwe liwe la ofisi yetu, na ombi letu la kuhama likubaliwe bila malipo yoyote ya "namba ya neno". Dola 15 za kila mwezi zirudishwe, tangu mwezi mlioigawa namba ya pili hadi leo. Kuhusu namba hiyo ya pili, tunataka kumbukumbu zinazoonyesha nani aliiomba kwanza na iliondolewa kwetu kwa maagizo ya nani. Hatuna ugomvi na huyo mteja mwingine, ambaye huenda hajui kilichotokea. Ikionekana mliitoa kwetu bila idhini, na sisi hatukuwahi kuitoa, irudi ilipokuwa, na yeye mtafutieni nyingine kwa gharama yenu.

Majibu tunayahitaji kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi. Yasipokuja, tutapeleka malalamiko FCC, ambako mtapewa siku 30 za kujibu, na nakala itakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la Kentucky, anayepokea malalamiko ya walaji. Nyaraka zote tayari ziko kwenye faili: barua pepe za Machi 2023, ankara zenye mstari wa dola 15, barua ya idhini mliyoikataa, na bei mliyotutajia.

Tulikuja kwenu kwa sababu mlisema mnawahudumia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kwa lugha yao, na hilo kwetu lilikuwa na uzito kuliko bei. Ndiyo maana nimewaandikia kwa Kiswahili kabla sijaandika kwingine kwa Kiingereza.

Natanguliza shukrani kwa hatua mtakazochukua.

Mkurugenzi,
Ofisi ya Ukalimani wa Kiswahili kwa Simu.

Nakala: Mwanasheria wa ofisi.