Mzee anayeona wasioonekana aulizwe kwanza habari za macho

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wazee wetu wenye matatizo ya macho.

Mama yangu ana miaka 78 na presha ya macho imemla nuru karibu yote. Mwaka jana, alasiri moja tumekaa barazani, alinivuta mkono akasema, "Sogea mwanangu, wapishe hao." Nikamuuliza kina nani. Wanawake wafupi, akasema, wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi, kila mmoja na kanga yake. Akanitajia rangi ya pindo na maua yaliyo katikati ya kanga. Hawasemi neno. Akizungusha macho wanapotea, kisha wanarudi.

Shangazi alisema ni majini, na hoja yake ilikuwa nzito: mtu asiyeiona sahani ya wali mbele yake anawezaje kuona pindo la kanga? Tukamnywesha kombe, tukafukiza ubani. Pesa za dawa ya matone zikaishia kwa mganga wiki tatu nzima, na kwa ugonjwa huu nuru ikishapotea hairudi. Mama akanyamaza. Wale wanawake hawakuondoka. Aliogopa tutasema amerukwa na akili.

Kumbe hoja ya shangazi ndiyo jibu lenyewe. Picha ile haikupitia jichoni, ndiyo maana haikuwa na ukungu. Sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho iko kisogoni. Macho yakipunguza kuleta habari, seli za pale hazilali. Zinakuwa nyepesi kushtuka na zinaanza kuwaka zenyewe. Mwaka 1998 mtafiti Dominic ffytche na wenzake huko London waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa namna hii. Anayeona rangi, ilichangamka sehemu ya rangi. Anayeona nyuso, sehemu ya nyuso. Kwa hiyo mama hakuwa anatunga. Ubongo wake ulikuwa unaona kweli, ila hapakuwa na mtu.

Wala si jambo geni. Mwaka 1760 mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye akili timamu aliyeharibiwa macho na mtoto wa jicho, naye akawa anaona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Hali hii inaitwa kwa jina la Bonnet hadi leo. Hata mwenye macho mazima inaweza kumpata: huko Boston watafiti waliwafunga kitambaa machoni watu 13 wazima wa afya kwa siku tano, na 10 kati yao wakaanza kuona vitu.

Sisemi kila maluweluwe ni haya. Mama anaona tu, hasikii sauti, na ukimuuliza anakiri kwamba hawapo. Mzee anayesikia watu wakimsemesha, au aliyechanganyikiwa ghafla na ana homa, huyo ana jambo jingine na akimbizwe hospitali. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, au dawa anazotumia.

Kinachonitia hofu ni kwamba tunaishi nchi ambayo vikongwe wa kanda ya ziwa wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa kuwa na macho mekundu tu. Bibi kama huyo akisema hadharani kwamba anaona watu msiowaona, nani atamtetea?

Miaka sita nimempeleka mama kliniki za macho. Walipima presha, wakaandika dawa, wakapanga tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemwambia kwamba haya yanaweza kumtokea, mpaka alipotokea daktari mmoja kijana akamuuliza kwa upole, "Mama, kuna vitu unaviona ambavyo wenzako hawavioni?" Mama alilia pale pale kwenye kiti. Akaambiwa hana wazimu wala jini, na kwamba wakija awashe taa, apepese macho, ayazungushe huku na huku. Hakuandikiwa dawa yoyote ya hao wageni. Siku hizi ananiambia, "Wamekuja," kisha anaendelea kuchambua mchele kwa vidole.

Swali lile lilichukua chini ya dakika moja. Nawaomba madaktari na wauguzi wa macho walioko mikoani na wilayani wamuulize kila mzee ambaye nuru yake inafifia, na wamuulize mbele ya mwanawe aliyemleta.

Msomaji wenu,
Tanga