Mmachinga ni kabila

Mwanangu Somoe,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mchinga hatujambo, na kikohozi cha bibi yako kimepungua.

Tangu ulivyonipigia juzi sijatulia. Umejaza fomu chuoni, kwenye kabila ukaandika Mmachinga, mwenzako akacheka: "Hilo kabila gani? Hiyo si kazi?" Kwenye simu nilikujibu kwa mkato maana nilishikwa na uchungu. Leo nakuandikia kwa kituo.

Kabila lipo. Wamachinga ndio sisi wa huku kaskazini ya mji wa Lindi, na bibi yako akikasirika hakasiriki kwa Kiswahili. Kazi ilikuja baadaye, ikachukua jina kwetu.

Kusini palikuwa mbali enzi hizo. Daraja la Rufiji limefunguliwa 2003. Kabla ya hapo tulivushwa na pantoni pale Ndundu, na masika ikikolea barabara ilikuwa haipitiki. Aliyefika Dar hakurudi upesi. Shamba hana, ajira hana, basi anachukua mali kwa mwenye duka Kariakoo, anaitembeza kwa miguu. Mimi nilianza baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi 1985 na biashara kulegezwa. Miaka miwili kabla ya hapo, vijana wasio na kazi walikuwa wanakamatwa kwa Nguvukazi, ile operesheni ya serikali, na kupelekwa vijijini. Nilikuwa na kipande cha boksi nimekichomeka vitana, nyembe na sindano, leso nimezitundika mkononi. Wateja wa Mtaa wa Kongo wakiniita, "We Mmachinga, hebu lete!" hawakuwa wakinitukana wala kunisifu; walisikia lafudhi tu. Ila mgambo akilitamka, nilijua ni la kukimbia.

Halafu jina likatuponyoka. Akaitwa hivyo Mpogoro, akaitwa Mchaga, akaitwa Msukuma. Sikiliza watu wanavyolisema siku hizi: ile m ya mbele wameiangusha, wanasema "machinga mmoja", tena wakapata na "umachinga". Hapo kwenu Mwanza, pale Makoroboi, vijana waliopanga viatu chini wote ni machinga, na wengi wao Lindi hawajaiona kwa macho. Wapo wanaodai eti neno limetoka kwenye Kiingereza, "marching guys", yaani vijana wanaotembea kama askari wa gwaride. Hilo linaniuma kuliko kicheko cha mwenzako, maana linatufuta kabisa.

Sasa hata serikali inalitumia. Dar kuna jengo zima, Machinga Complex. Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kimoja shilingi 20,000, watu waliviita vya machinga, basi. Neno lililokuwa likinitoa mbio leo lina jengo lake Ilala.

Ukipewa fomu nyingine andika vilevile, Mmachinga, na ile m uiweke. Mwenzako huyo likizo mlete nyumbani. Bibi yako atamsalimia kwa Kimachinga.

Baba yako