Barua kwa mwanangu: ngazi usipande

Mwanangu Salim,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu, na mara zote sikio langu limeshika neno moja tu: ngazi.

Hao wazee wa redio ni watu wa heshima, sikatai. Uliposema wamekuchagua wewe uwabebee vinasa sauti, nilimwambia hata muuza samaki. Wazungu wa miaka 80 wanarudi kuona walikokuwa wakitangaza bila kibali cha serikali, na anayewashika mkono ni mwanangu! Lakini mkono utawashika ndani ya boti. Usipande.

Mwanaisha amenisomea kwenye simu habari za hiyo Red Sands mnayokwenda, ngome ya zamani ya vita baharini huko Uingereza. Nyumba 7 za chuma katikati ya maji, kila moja juu ya miguu minne ya zege, zilijengwa 1943 za kutungulia ndege za Wajerumani. Madaraja yaliyoziunganisha yamekwisha. Radio 390 iliingia humo 1965, ikawapigia kina mama wa majumbani muziki wa taratibu, mpaka sheria ilipowabana wakafunga Julai 1967. Mambo mazuri, hata mimi ningesikiliza. Kisha akanisomea ambalo wewe hukunitajia: Desemba 1964 watu watatu wa Radio Invicta, iliyotangulia pale pale, walizama wakitoka huko. Ulijua, ukaninyamazia.

Na kuogelea hujui vizuri. Sababu unaijua, na aliyekukataza kutia mguu majini tangu mambo ya babako ndiye anayekuandikia sasa. Nilidhani nakuwekea mbali bahari. Kumbe umeifuata huko Kent, tena ya baridi.

Basi jaketi okozi livae tangu gatini Queenborough, usilivue mpaka mrudi, hata kama wazee wenyewe hawakuvaa. Kula kitu kabla. Yule mzee uliyesema anang'ang'ania kupanda aone chumba chake cha kutangazia, mwambie, "Mama yangu wa Mombasa amekataa." Atakuelewa, naye alizaliwa na mtu. Tena niulizie: miezi ile wakikaa juu ya vyuma, mama zao walikuwa wakilala?

Sauti zao zirekodi vizuri, kazi ya watu usiiharibu. Kazi yako naisifu kwa majirani, kwako sisemi, utavimba kichwa.

Hapa tangi la maji bado linavuja. Fundi alichukua elfu tatu, akapaka saruji, akaenda zake. Nimeweka ndoo chini. Nduguyo amerudishwa nyumbani kwa karo, lakini shangazi yako ametusaidia nusu, mpigie umshukuru. Huwa hupigi.

Pesa za mwezi huu usitume. Nunua viatu visivyoteleza. Vya boti, Salim, si vya ngazi.

Mamako