Mita mia za ukingo wa Nile, na goti la Nalongo

Mhariri,

Hivi majuzi ulichapisha barua ya msomaji aliyeshauri kwamba anayetaka kutembea kwa ajili ya afya aende kwenye milima ya Rwenzori au Elgon, kwa kuwa mijini kwetu hakuna pa kukanyaga isipokuwa katikati ya taksi na bodaboda. Sijui ana umri gani. Mimi nina miaka 66, nimeinamia cherehani miaka 31 hapa Jinja, na kiuno changu hutabiri mvua kabla ya redio. Kilele cha Margherita, huko Rwenzori, kina mita 5,109. Hicho nawaachia vijana, na wageni wenye fimbo mbili mbili. Mimi natafuta njia tambarare, yenye kivuli, nitakayoimaliza asubuhi na bado nifungue duka kwa wakati. Na njia hiyo Jinja ipo. Nusu yake.

Kila Jumanne na Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, wauza chapati wakiwa ndio kwanza wanawasha majiko, mimi na jirani yangu Nalongo hupanda boda kutoka Walukuba. (Ndiyo, tunapanda boda ili tukatembee. Wanangu wamecheka mpaka wamechoka.) Tunashukia karibu na uwanja wa gofu na kuishika Nile Crescent. Hapo miti ni mikubwa, magari ni machache saa hiyo, na nyasi za uwanja zina umande unaolowesha pindo la gomesi ya Nalongo, lile vazi refu la kina mama wa huku. Wazee wa gofu husimulia kwamba zamani viboko walikuwa wakipanda usiku kula nyasi, hata ikawekwa kanuni kuwa mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuinua. Siku hizi viboko hatuwaoni. Tumbili tunawaona, na Nalongo amejifunza kuficha ndizi zake ndani ya mkoba.

Tunakwenda polepole. Mimi hutumia dakika 35 hadi kwenye bustani za Chanzo cha Nile. Nikiwa na Nalongo na goti lake, 50. Pale kuna geti na kiingilio, na sina ugomvi nacho, nyasi lazima zikatwe na mkataji lazima ale. Ndani kuna sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni hapa mwaka 1948, na kuna mawe ya kukalia karibu kabisa na maji. Ukitulia utamsikia furukombe kabla hujamwona. Minandi hukausha mabawa juu ya magogo kama nguo zilizoanikwa, na mdiria husimama hewani palepale, akipiga mbawa, kisha huanguka kama jiwe.

Ng'ambo, upande wa Njeru, kuna mnara wa Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyefika hapo Julai 1862 na kuyapa maporomoko jina la Ripon, ingawa watu wa hapa walikuwa na jina la mto wao, Kiyira, na wanalo mpaka leo. Marehemu baba aliyaona maporomoko hayo. Alitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls, ndiyo maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, kama karibu mtaa mzima wa Walukuba. Alisema Jumapili vibarua walikuwa wakitembea hadi ukingoni kutazama samaki wakiruka kuyapanda maji. Kisha bwawa walilolijenga kwa mikono yao likakamilika mwaka 1954, maji yakajaa nyuma yake, na maporomoko yakazama. Huwa nawaza: wale walikuwa vibarua, hawana kitu, lakini walifika ukingoni bila kuulizwa wanakwenda wapi.

Kwa sababu sisi tunaulizwa.

Mwaka jana, Mhariri, tulikuwa na mzunguko mwingine. Siuelezi kwa jina la mahali, wenyewe wanajijua. Kilikuwa kijia cha udongo, upana wa watu wawili, kinachofuata maji. Wavuvi walikitumia kubeba nyavu, wanafunzi walikitumia kukata njia, na sisi wazee wawili tulikitumia kwa sababu hakikuwa na mlima hata mmoja. Jumamosi moja tukakuta mabati. Marefu, mapya, yameshuka kutoka juu hadi yakaingia majini kabisa, nguzo ya mwisho imesimama kwenye matope. Askari mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akatuamkia vizuri, kisha akasema, "Jaja, huku kumefungwa. Mkubwa amenunua." Nalongo akamuuliza, "Na mto pia kanunua, mwanangu?" Kijana akaangalia viatu vyake. Simlaumu, mshahara ni mshahara.

Tukarudi tulikotoka, tukapanda hadi barabara kuu. Anayeijua barabara hiyo anajua ninachosema: malori ya mafuta na makontena kutoka Mombasa kwenda Kampala hayapungui, na pembeni ya lami pana mtaro ulio wazi. Lori moja lilitupita karibu sana, Nalongo akaruka mtaroni. Goti analolalamikia sasa ndilo hilo. Kwa hiyo msomaji wako hajakosea kila kitu. Ni kweli hatuna pa kukanyaga, ila si kwa sababu mji umenyimwa. Mahali papo na pamezungushiwa mabati.

Mjukuu wangu anasoma sheria. Nilipomsimulia alifungua simu yake akanisomea kanuni za mazingira za mwaka 2000, zinazohusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Zinasema mito mikubwa iliyoorodheshwa, Nile ukiwa mmoja wao, iwe na ukanda wa hifadhi wa mita 100 kutoka alama ya juu kabisa ya maji. Kwa maziwa makubwa kama Victoria ni mita 200, na mito midogo ni mita 30. Mita 100, Mhariri! Nalongo na goti lake huhitaji dakika mbili kuzimaliza. Mabati yale hayakuacha hata hatua moja.

Najua kanuni haikuandikwa kwa ajili ya bibi wawili wanaotembea. Iliandikwa ili ukingo usimomonyoke na taka zisishuke mtoni. Lakini njia ya udongo iliyokanyagwa na miguu haimomonyoi ukingo kama inavyofanya zege. Tena mto wenyewe umeshatuonyesha. Mwaka 2020 Ziwa Victoria, mto unakoanzia, lilifura hata likaipita alama ya mwaka 1964 ambayo wazee walikuwa wakiisimulia, na maji yakapanda juu ya ukingo, yakafunika vibanda na sakafu za watu. Kijia chetu nacho kilizama. Maji yaliposhuka kilikuwa kinateleza wiki kadhaa, basi, tukaendelea kupita. Sakafu za zege ziliwagharimu wenyewe fedha.

Mwaka huohuo wa 2020, mwezi Julai, Jinja ilipewa hadhi ya jiji. Tangu hapo nasikia maneno mengi ya kupendeza mji na kuvutia watalii. Naogopa kidogo neno "kupendeza", maana kwetu humaanisha vigae vyekundu vinavyong'oka baada ya mvua mbili na nguzo za taa zisizowaka. Hatuombi hayo. Tunaomba viongozi wa jiji wapite ukingoni kwa miguu yao, waone palipofungwa, na wawaambie wenye mabati warudi nyuma kama kanuni inavyotaka. Kisha njia ya udongo, upana wa mita moja na nusu, iunganishe bustani za Chanzo cha Nile na uwanja wa gofu, iendelee hadi daraja la reli la mwaka 1931 linapoonekana. Mawe yapakwe chokaa ili mwenye macho dhaifu aione kingo. Mabenchi manne. Choo kimoja kinachofungwa kwa ndani. Wanaume wanaopanga mabustani husahau choo kila mara. Na mivule iliyosimama isiguswe, hata kama mbao zake zinauzwa ghali.

Wenye hoteli wasiogope. Mgeni aliyekuja kutoka Ujerumani kulala Jinja hakuja kutazama ukuta wa jirani. Nenda Entebbe, kwenye bustani za mimea zilizoanzishwa mwaka 1898: watu hutembea chini ya miti hadi ziwani, harusi hupigia picha hapo, watoto huwafukuza tumbili au hufukuzwa nao, na hakuna aliyesema ziwa limepungua thamani. Huko Bujagali, kaskazini kidogo ya mji, maporomoko yalizamishwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, lakini vijia vya wanakijiji vimebaki, vinapita katikati ya mahindi na mihogo na maji yakionekana chini, na ukiwasalimia wenye mashamba unapita. Nimekwenda mara mbili. Ni pazuri, ila nauli ya boda ya kwenda na kurudi ni ya mwenye pensheni, na mimi sina.

Kuhusu msomaji wako wa Rwenzori, namkaribisha. Jumamosi yoyote isiyo na mvua, karibu na uwanja wa gofu, saa kumi na mbili na nusu. Avae viatu vya raba asivyovipenda sana, kwa sababu ya umande, na asibebe ndizi mkononi. Nalongo hutangulia dakika kumi ili tusimsubiri, kwa hiyo akimkuta mama mwenye gomesi ya kijani anayezungumza na tumbili, asipite bila kuamkia.

Fundi cherehani,
Walukuba, Jinja